UDONGO WA TATU

Somo kwa vikundi vya Biblia vya nyumba kwa nyumba

Someni kwanza: Marko 4:1-20, Luka 8:4-15, 1 Wafalme 18:17-46, 2 Wafalme 17:24-41.



Mfano wa Mpanzi twaujua tangu Shule ya Jumapili. Mwulizeni mtoto yeyote wa parishi yetu, naye atawatajia mahali pale panne pasipo kukosea: njiani, penye mwamba, penye miiba, na penye udongo mzuri. Katika miaka yangu ya kufundisha niliona kwamba somo lililo gumu kuliko yote si lile ambalo wanafunzi hawajalisikia, bali ni lile wanalodhani wamekwisha kulimaliza. Basi, naomba turudi shambani pamoja na Bwana Yesu, tukasimame katika kipande kimoja tu, kile cha tatu.

Vile vingine sitavizungumza sana. Mbegu ya njiani iliokotwa na ndege. Hao ni watu waliolisikia Neno nalo likawapita. Mbegu ya penye mwamba iliota ikakauka jua lilipopanda, kwa maana haikuwa na mizizi. Hao ni watu waliofurahi kwa muda, wakarudi nyuma taabu ilipokuja. Kipande cha tatu tumezoea kukihesabu pamoja na hivyo viwili, kana kwamba nacho ni ardhi mbaya. Lakini kitazameni kwa macho ya mkulima. Miiba mirefu huota wapi? Huota penye rutuba. Mtu wa hapa kwetu akitafuta mahali pa kufungua shamba jipya haendi kwenye kipara penye mawe. Huenda penye kichaka kizito, maana ajua kwamba ardhi inayoweza kulisha kichaka yaweza kulisha na mtama. Udongo wa tatu una kina na una unyevu. Mbegu yaota, mzizi washuka, jani lakua. Kasoro yake ni moja tu: walisha mazao mawili kwa wakati mmoja.

Tena tuangalie neno ambalo wengi hulipita. Kristo hakusema kwamba mmea ule ulikufa. Katika Luka 8:14 twaambiwa kwamba matunda yake hayakomai. Ukipita barabarani shamba hilo laonekana kijani kabisa, na mgeni aweza kulisifu. Siku ya mavuno ndipo mwenye shamba anapofungua maganda na kukuta gunzi lenye punje tatu nne. Ndiyo kusema, mtu wa udongo wa tatu yumo kanisani. Amebatizwa, amepata Kipaimara, anakuja Mezani pa Bwana, jina lake limo katika kitabu cha parishi. Pengine ni mzee wa kanisa, au mwalimu mstaafu aandikaye masomo ya gazeti. Somo hili halimhusu jirani asiyekuja kanisani. Latuhusu sisi.

KIDUHA

Bwana alitaja miiba kwa kuwa wakulima wa Galilaya waliijua. Angalihubiri hapa Mlali, nadhani angalitaja kiduha. Sisi tulimao mahindi, mtama na uwele twamjua adui huyu vizuri. Magugu mengi hushindana na mazao juu ya ardhi, na mkulima huyaona mapema akayapalilia. Kiduha hakifanyi hivyo. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa maelfu mengi ya mbegu. Yaweza kulala udongoni miaka kumi na zaidi pasipo kuoza. Nayo haiamki ovyo: hungoja mpaka mzizi wa mahindi au mtama ukaribie, kwa sababu mzizi huo hutoa majimaji fulani yanayoiamsha. Ikisha kuamka hujishika mzizini, ikaanza kunyonya maji na chakula ambavyo mmea umejitaabisha kuvitafuta.

Kwa majuma kadhaa mkulima haoni kitu. Huona tu kwamba mahindi yake yamedumaa na majani yananyauka kama ya wakati wa ukame, hali mvua ilinyesha juzi. Kisha kiua chekundu chajitokeza juu ya ardhi, kizuri cha kupendeza, watoto hukichuma. Lakini kufikia hapo hasara imekwisha kufanyika chini.

Ndivyo yalivyo mambo yanayoisonga imani yetu. Someni tena yale aliyoyataja Bwana: masumbufu ya ulimwengu, udanganyifu wa mali, anasa, na tamaa za mambo mengine. Hakuanza na pombe wala uzinzi. Alianza na masumbufu. Na mwenye masumbufu si lazima awe tajiri. Mama asiyelala kwa kufikiri karo ya mtoto wake wa kidato cha tatu hafanyi dhambi kwa kumpenda mtoto wake. Baba anayehesabu magunia yake na kuwaza bei itakavyokuwa hafanyi dhambi kwa kuhesabu. Kiduha hujishika mzizini mwa mmea ulio hai, tena uliopandwa na mkulima mwenyewe. Na masumbufu hujishika katika mambo yale yale mema ambayo Mungu ametupa tuyatunze: shamba, watoto, kazi, jamaa. Kwa hiyo si rahisi kuyatambua.

Nitoe mfano mmoja ulio karibu. Wakati wa kuuza mahindi, mtu aweza kwenda soko la Kibaigwa siku ya Jumapili, kwa kuwa amesikia lori limefika na bei ni nzuri. Mara moja, si neno. Bwana wetu mwenyewe alisema juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Jumapili ya pili ni kwa sababu dalali hajamlipa. Ya tatu ni kwa sababu sasa amepata rafiki wa biashara. Mwaka ukiisha hakumbuki siku aliyoamua kuacha ibada, maana hakuamua kamwe. Na wale tuliobaki kanisani tusijisifu. Simu iliyomo mfukoni imewaleta Kibaigwa na Dodoma mjini mpaka ndani ya viti vya kanisa, na nimewaona watu wakitazama matokeo ya mpira wakati Zaburi inasomwa. Juu ya vijana wetu wanaotumia hela ya vocha na ya chakula kubahatisha matokeo hayo ya mpira, lingefaa somo la peke yake. Hapa natosheka kusema kwamba ule ndio udanganyifu wa mali hasa, maana yule asiye na mali huutumikia utajiri ambao hata hajaupata.

Hata kazi ya kanisa yaweza kuwa kiduha. Martha (Luka 10:38-42) hakuwa akihangaika kwa ajili ya dunia. Alikuwa akimpikia Bwana Yesu! Nasi twajua kamati zinazokaa saa tatu juu ya rangi ya sare za kwaya, na sala ya kufungua ikachukua dakika moja.

MVUA INAPOCHELEWA

Sasa nafika mahali pagumu zaidi, na naomba tuvumiliane.

Nchi yetu hii ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mvua ikikosa, hakuna msimu wa pili wa kurekebisha mambo. Wazee wetu walipita katika njaa ile kuu waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe, kisha ukame ukafuata. Watu wengi sana wa Ugogo walikufa. Kwa hiyo, mtu wa huku akiitazama mbingu isiyo na wingu mwezi wa Januari, anayoyawaza si mambo ya kitoto.

Zamani mvua ilikuwa kazi ya mtemi, mwenye kuyatunza mawe ya mvua, na kila nyumba ilihusika. Halikuwa jambo la mtu mmoja. Ndiyo maana mpaka leo, mahali pengine, mvua ikichelewa kimya kimya huanza kupitishwa mchango wa mganga. Nimesikia habari za Wakristo wawili wa kitongoji kimoja, nami sitakitaja, waliofikiwa na mchango huo katika mwaka mmoja. Wa kwanza, mzee wa kanisa, alitoa shilingi elfu mbili usiku, akasema ni kidogo, tena ni kwa ajili ya amani na majirani. Wa pili, mama mjane, alikataa. Hakuwatukana waliokuja. Aliwaambia kwamba atatoa kuku, lakini achinjwe watu wale pamoja, nao wamruhusu aombe kwa jina la Yesu kabla ya kula. Hawakutaka. Msimu ule, mvua iliponyesha hatimaye, majirani hawakuja kumsaidia palizi kama walivyozoea, na wengine walisema mvua ilichelewa kwa sababu yake. Alilima peke yake na mjukuu wake. Alivuna kidogo kuliko wote.

Sikuisimulia habari hii ili tumhukumu yule mzee. Mwenye njaa ya watoto sita nyumbani asihukumiwe upesi na mtu anayepokea pensheni. Lakini lazima tuseme wazi kilichotokea moyoni mwake, maana Biblia imekisema. Katika 2 Wafalme 17, kuanzia mstari wa 24, twasoma habari za watu walioletwa kukaa Samaria. Walifundishwa kumcha Bwana, nao wakamcha kweli. Lakini waliendelea pia kuitumikia miungu ya kwao. Mwandishi haoni kwamba hayo ni nusu mkate iliyo bora kuliko kukosa. Katika mstari wa 33 asema kwamba walimcha Bwana, na katika mstari unaofuata asema kwamba hawamchi. Je, amejichanganya? La. Aeleza tu kwamba kumcha Bwana pamoja na mwingine ni sawa na kutomcha.

Na hapo ndipo tunapouelewa mlima wa Karmeli. Baali aliaminiwa kuwa mwenye mvua. Watu wa Israeli hawakumwacha Bwana kwa kumchukia. Walitaka tu kuwa na hakika pande zote mbili, kama mtu apandaye mahindi na mtama shamba moja ili kimoja kikikosa kingine kisaidie. Katika shamba hiyo ni busara. Eliya aliwauliza watasitasita mpaka lini. Tazameni jibu lao katika mstari wa 21. Hawakujibu neno. Hawakusema ndiyo wala hapana. Katika habari yote ya Karmeli, mimi huogopa kimya kile kuliko kelele za manabii wa Baali, kwa maana wale manabii walau walijua wanamtumikia nani.

Wengine wataniuliza: je, yule mjane alipata thawabu gani? Kwa mavuno, sijui thawabu yoyote. Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45), wala hakuahidi kuinyesha zaidi katika shamba la mwaminifu. Tukiwafundisha watu kwamba ukimpa Mungu moyo wote utapata magunia mengi zaidi, tutakuwa tumemgeuza Mungu mwenyewe kuwa mganga wa mvua, na sadaka yetu kuwa mchango wake. Mahubiri ya namna hiyo siku hizi ni mengi, hata redioni. Yule mama alimtumikia Mungu kwa sababu ni Mungu. Basi.

WATU WALIOAMSHWA

Jambo hili la moyo uliogawanyika ndilo lililoleta Uamsho katika Kanisa letu la Afrika Mashariki, na ni vizuri vijana wajue habari zake. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Dk. Joe Church, Mwingereza, daktari wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo wa kweli kwa kipimo cha watu. Dk. Church alikuwa amechoka na kuvunjika moyo baada ya kazi nzito wakati wa njaa. Walikaa pamoja, wakaisoma Biblia na kuomba, wakakiri kwamba Kanisa lao lilikuwa na ubatizo na shule na hospitali, lakini lilikosa nguvu za Roho Mtakatifu, na wao wenyewe pia. Moto ule ukawaka Gahini katika miaka iliyofuata. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyewafundisha wainjilisti hapo Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa kijana bado, huku akililia Kanisa liamke.

Angalieni kwamba Uamsho haukuanza kwa wapagani. Ulianza kwa waliobatizwa: walimu, makatekista, wauguzi, makasisi. Watu waliungama mambo yenye majina, si dhambi kwa jumla. Walirudisha vitu walivyoviiba kazini. Mweusi alimwomba mweupe msamaha, na mweupe mweusi, katika siku ambazo jambo hilo halikuwa la kawaida. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha Uamsho ulikuwa umeingia Tanganyika kwa upande wa Bukoba.

Hapa Dodoma tulipata mmoja wa matunda yake. Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka 1919 Rukungiri katika Kigezi, Uganda, alikuwa mwalimu wa shule, tena mnywaji, aliyempa Kristo maisha yake mwaka 1941. Katikati ya miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walikuja Dodoma, akafundisha katika Shule ya Sekondari ya Alliance mpaka mwaka 1959. Shule ile baadaye iliitwa Mazengo, na tangu mwaka 2007 mahali pale ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Yaani mtu huyu aliyekuja kuhubiri duniani kote alikaa zaidi ya miaka kumi akisahihisha madaftari katika vumbi letu. Sisi walimu twaifurahia habari hiyo. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 kwa amri ya utawala wa Idi Amin, ilimlazimu Festo kukimbia na Mera usiku kwa miguu, wakavuka milima kuingia Rwanda. Baadaye aliandika kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Alifariki mwaka 1988.

Sasa linganisheni. Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri. Dk. Church aliendelea na udaktari. Festo aliendelea kushika chaki. Ni nani kati yao aliyempa Mungu moyo wote? Wote watatu. Basi yule adhaniaye kwamba lazima aache shamba lake ili awe Mkristo kamili hajaelewa. Na yule asemaye kwamba yeye ana kazi nyingi mno, mambo ya namna hiyo ni ya makasisi, naye hajaelewa. Lakini lazima niseme na hili pia: baadhi ya ndugu wa Uamsho baada ya muda waligeuza moyo wa toba kuwa orodha ya sheria, mavazi gani yavaliwe, nani ahesabiwe kuwa ameokoka, nani asisalimiwe. Orodha ni rahisi kuliko moyo. Mtu aweza kuitimiza orodha yote asubuhi, na kiduha kikaendelea chini.

PALIZI

Tufanyeje basi? Wengi hudhani dawa ni kuanza kwa kishindo, mkutano mkubwa, machozi, ahadi mbele ya watu. Sikatai machozi. Lakini jirani zetu wa Kongwa walikwisha kutufundisha habari za kishindo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Yaliletwa matrekta na mashine nyingi, ikajengwa hata reli ya kutoka Msagali. Yaliyokuwa hayakupimwa vizuri ni mvua na udongo. Mvua haikutosha, na kiangazi udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Someni Luka 14:28-33 na kuikumbuka Kongwa.

Kumbe karanga hizo hizo, mama akizipanda kwa jembe la mkono katika shamba lililoharibiwa na kiduha, hufanya jambo ambalo palizi peke yake haifanyi. Mabwana shamba hutueleza kwamba mizizi ya karanga na kunde huiamsha mbegu ya kiduha kama ifanyavyo mizizi ya mahindi, lakini ikisha kuamka haipati pa kujishika, ikafa. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hang'oi tu. Hubadilisha mazao, huweka samadi, na hung'oa kila kiduha kabla hakijatoa mbegu, mwaka baada ya mwaka, maana mbegu za zamani bado zimo.

Katika maisha ya kiroho ni vivyo hivyo. Bwana Yesu alisema habari za nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, na yule pepo akarudi na wenzake saba (Luka 11:24-26). Ukiizima simu jioni na kukaa bure, utaiwasha tena. Pasipo Neno na sala mahali pale, hukufanya kitu. Nashauri mambo ya kawaida kabisa: sala za asubuhi pamoja na watu wa nyumbani kabla ya kwenda shambani, hata zikiwa fupi, sehemu ya Bwana itengwe siku ile ile mahindi yanapouzwa, kabla ya deni lolote, na kila mtu awe na ndugu mmoja anayeweza kumwambia kwa jina jambo linalomnyonya sasa. Hilo la tatu ni gumu, nalo ndilo ndugu wa Uamsho walilolijua vizuri kuliko sisi. Kiduha chapenda kufichika.

Na tusisahau yule mjane mwingine, wa Marko 12:41-44. Bwana hakuhesabu alichokitia katika sanduku. Aliangalia kilichobaki nyumbani. Moyo wote si lazima uwe moyo mkubwa. Mwenye moyo mdogo, mwoga, aweza kuutoa wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kila kikundi kichague maswali mawili, wala kisiharakishe. Kwa nini watu wa Karmeli hawakumjibu Eliya, na sisi hunyamaza wapi? Mtakapofikiwa na mchango wa mvua, mtajibu nini ninyi mkiwa pamoja, ili asiachwe mtu mmoja kujibu peke yake mlangoni? (Hili naomba lijibiwe kabla ya Desemba, na majibu yaletwe kwa kasisi.) Ni jambo gani jema katika maisha yako ambalo kiduha kimejishika humo? Na katika kitongoji chenu, ni nani aliyelima peke yake msimu uliopita kwa sababu ya imani yake, na ni nani kati yenu atakayekwenda naye palizi mwaka huu?

Kikundi kisicho na mtu wa kusoma vizuri kimwite mwanafunzi yeyote wa sekondari asome kwa sauti. Naye pia aulizwe maswali.